Saa ya Mashine ya Kazimir

Mimi ni fundi wa lifti, si wa kompyuta,
lakini katika jengo letu la ghorofa tisa
anayejua kushika bisibisi
keshakuwa fundi wa kila kitu.
Ndiyo maana Bi Yadviha wa namba thelathini na nne
alinigongea ukuta kwa kijiko, mara tatu,
usiku wa Februari, hapa Hrodna,
theluji imezika matairi ya magari.

Mezani, kando ya mtungi wa matango ya siki,
kompyuta ya marehemu mumewe:
nzito kama tofali, bawaba moja imekatika,
kioo kimeegemezwa kamusi ya Kipolandi.
Ukiiwasha inakoroma
kama mzee aliyelala chali.

Binti yake Bahdana yuko ng'ambo ya mpaka.
Alimsomea ufunguo kwa simu,
nusu Jumatano, nusu Jumapili,
naye akaunakili kwa penseli nyuma ya bili ya gesi:
herufi arobaini na nne, kubwa kwa ndogo,
tarakimu, alama za kujumlisha,
na mwisho kabisa alama ya sawasawa,
kana kwamba hesabu imeulizwa
jibu likaachwa.

Yeye anasoma, mimi nabonyeza.
"O."
"O ya herufi, au sifuri?"
"Ile ya duara."
"Zote ni za duara, Bi Yadviha."

Programu ya kwanza ilisema mashine imezeeka.
Ya pili haikusema kitu.
Ya tatu, toleo la miaka mingi nyuma,
ilikubali shingo upande.
Akataka kujua hilo handaki linavyofanya kazi.
Nikamwambia: ni lifti isiyo na dirisha.
Mlinzi anaona mlango ukifungwa,
hajui umeshukia ghorofa gani.
Akasema, "Lifti ya jengo hili
hata aliye ndani hajui."

Nikabofya. Ikazunguka, ikazunguka, ikakataa:
cheti hiki bado hakijaanza kutumika.

Nikatazama pembeni, chini kulia.
Tarehe mosi Januari, elfu mbili na tisa.

Kuna betri humo ndani, nikamweleza,
ndogo kama kifungo cha koti.
Imekufa. Kila umeme ukikatika
mashine inarudi mwaka iliozaliwa.

"Mwaka huo," alisema, "Kazimir alikuwa pale,"
akaonyesha sinki,
"anamenya viazi, anaimba vibaya."
Kisha: "Haiwezi kupita hivyohivyo?"

Nikasema, upande wa pili
wanauliza mwaka kabla ya jina.

Akanisogeza kwa kiwiko.
Alikibonyeza kile kishale mwenyewe,
kidole kimoja, kucha imepinda:
kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili.
Kwenye kumi na nne akasita.
Mabomba ya joto yakagonga ukutani.
Mimi nikahesabu matango.
Nilipoinua macho alikuwa ameshavuka,
anakuja upesi, miaka inaruka,
hadi leo.

Ile alama ikageuka kijani.
Na neno la kwanza kupita chini ya mpaka wote ule,
chini ya walinzi na vichujio vyao, lilikuwa:
"Mama, rudi nyuma kidogo, naona paji la uso tu."
Kisha mjukuu akajipenyeza,
akafungua kinywa hadi koo
tuone jino lilipong'oka.

Asubuhi umeme ulikatika.
Jioni kijiko kikagonga ukuta.
Nikaenda na betri mpya mfukoni,
nimeinunua kwa muuza saa wa sokoni.
Lakini alikuwa mlangoni, miwani usoni, amesimama kati.
"Sikukuitia mashine," alisema. "Nimekuitia supu.
Ile nitaipandisha mwenyewe.
Naanzia anapomenya viazi."

Betri ningali nayo,
kwenye kopo la skrubu za lifti.
Sijamwambia.